Kitabu cha 1903 nakipata bure kwenye simu, cha 1974 sikipati hata kwa hela: nani kavifungia vitabu vyetu?

#1 Mtoto wa Magomeni
Wakuu, habari za jioni.

Kuna kitabu cha desturi za Waswahili kilichoandikwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo na wenzake, kikachapishwa Göttingen, Ujerumani, mwaka 1903 kwa jina la Carl Velten. Leo nakipakua bure, kurasa zote, nikiwa ndani ya daladala. Sasa chukua riwaya ya Kiswahili iliyotoka Dar au Nairobi mwaka 1974. Madukani haipo, mchapishaji alishafunga, maktaba ukiuliza unaambiwa "ilikuwepo". Ukiitafuta Google unaikuta: jina la mwandishi, idadi ya kurasa, na maelezo kwamba imeskaniwa kutoka chuo kikuu fulani cha Marekani. Ukibofya haifunguki. Unaruhusiwa kutafuta neno, unaambiwa lipo ukurasa wa 41, na huo ukurasa wa 41 huonyeshwi.

Yaani kitabu kipo, kimehifadhiwa vizuri kuliko tulivyokihifadhi sisi, ila sisi wenyewe hatukisomi. Dai langu: huu ni urithi wa taifa na tuna haki ya kudai nakala hizo za kidijiti zirudi. Nani kavifungia? Karibuni.

#2 Kalamu wa Kayole
Ndugu, unatafuta mwizi pasipo na mwizi. Ni hakimiliki tu. Google walitangaza mradi wa kuskani vitabu Desemba 2004 wakiwa na maktaba tano kubwa za Marekani na Uingereza. Chuo Kikuu cha Michigan waliruhusu rafu zote ziskaniwe, na kwenye rafu hizo vitabu vya Kiswahili vimo. Mwaka uliofuata waandishi na wachapishaji wa Marekani wakaenda mahakamani. Mwaka 2008 wakataka kupatana kwa dola milioni 125. Mapatano yale yangefungua mamilioni ya vitabu visivyochapishwa tena. Jaji Denny Chin akayakataa Machi 2011. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ikahalalisha kuskani kwa ajili ya kutafuta maneno na kuonyesha vijisehemu. Kitabu kizima hakimo.

Kwa hiyo aliyekifunga kitabu chako cha 1974 ni huyo jaji wa New York. Mapatano yangepita, leo ungekuwa unasoma.

#3 Mkutubi Mstaafu
Nawasalimu wote. #2 amesimulia vizuri mpaka hapo mwisho. Hata mapatano yangepita, riwaya ya Dar isingefunguka. Novemba 2009 yalifanyiwa marekebisho baada ya Ufaransa na Ujerumani kulalamika, yakabaki kwa vitabu vilivyosajiliwa Marekani au vilivyochapishwa Uingereza, Kanada na Australia. Vya Dar es Salaam na Nairobi vilitolewa nje siku hiyo. Sikumbuki mtu wa kwetu aliyeuliza kama hilo ni jema au baya. Wafaransa walikuwa na rais wa maktaba yao ya taifa, Jean-Noël Jeanneney, aliyepiga kelele tangu Januari 2005 kwamba urithi wa Ulaya hauwezi kupangwa na kampuni moja ya Marekani. Sisi tulikuwa na nani?

Jingine. Hiyo nakala ambayo mleta uzi anaiona imefungwa mara nyingi iko HathiTrust, ghala la pamoja la vyuo vikuu lililoanza 2008. Wale hufunga kwa tahadhari. Mwenye haki akijaza fomu yao ya ruhusa, wanafungua dunia nzima isome. Nimewaeleza jambo hili waandishi kadhaa wazee na wengi hawakuwa wamelisikia kabisa.

#4 Chepe la Tandale
Mkutubi umerudi jukwaani! Mara ya mwisho ulinifokea kwa kukunja ukurasa.

#5 Mkutubi Mstaafu
#4 na bado nakufokea. Alama za kitabu zinauzwa.

#6 Wakili wa Moshi
Kabla hatujafika mbali tuelewane kwenye sheria, maana kwenye nyuzi kama hizi kila mtu ana hesabu yake. Mleta uzi alipoandika Jukwaa la Sheria juzi alisema hakimiliki ni miaka 70 baada ya kifo. Hiyo ni Uingereza na Umoja wa Ulaya. Tanzania Bara, kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, ni uhai wa mwandishi na miaka 50. Kenya, kwa sheria yao ya 2001, ni 50 pia.

Mfano ulio wazi ni Shaaban Robert. Amefariki Juni 1962. Kwa hesabu ya hapa, kazi alizozichapisha zimekuwa huru tangu Januari 1, 2013. Lakini vitabu vyake kadhaa vilichapishwa kwanza na makampuni ya Uingereza, Nelson na Macmillan. Huko hesabu ni 70, yaani mpaka mwisho wa 2032. Marekani wanahesabu miaka 95 tangu kuchapishwa, kwa hiyo kitabu cha 1951 kinakaa ndani mpaka mwisho wa 2046. Kitabu kilekile, mtu wa Tanga anaruhusiwa kukiskani na kukigawa, mtu wa Michigan mwenye nakala iliyokwisha skaniwa haruhusiwi. Ndiyo maana nasema tusisubiri warudishe chochote. Kwa kazi za namna hiyo tunaweza kuskani wenyewe kesho asubuhi.

#7 Binti Pangani
Asante wakili. Swali: vipi vile vilivyotoka baada ya yeye kufariki? Kuna vyake vilivyochapishwa mwishoni mwa miaka ya 1960. Na vile ambavyo mhariri alitia mkono, au vyenye dibaji ya mtu mwingine aliye hai?

#8 Wakili wa Moshi
#7 dibaji ina mwenyewe, iondoe. Uhariri inategemea ni mkubwa kiasi gani. Vya baada ya kifo mawakili tunabishana, na mimi sitakupa jibu la jukwaani kwa jambo linaloweza kukupeleka mahakamani.

#9 Mjukuu wa Malenga
Naomba niweke kisa chetu, labda kuna atakayesaidia. Marehemu baba aliandika diwani ya mashairi, ikatoka mwanzoni mwa miaka ya 70 kupitia East African Literature Bureau. Nyumbani ilibaki nakala moja, nayo aliazima mwanafunzi wa chuo na haikurudi. Nimeikuta kwenye orodha za maktaba tatu: mbili Marekani, moja Ujerumani. Mama ana miaka zaidi ya themanini. Anataka kuyasikia yale mashairi yakisomwa na hana pa kuyapata.

Niliandika barua kwa maktaba mojawapo. Wakajibu kwa upole kwamba watanitumia fotokopi ya sehemu tu, kitabu kizima mpaka mwenye haki aruhusu. Nikawaambia mwenye haki ni sisi, wanawe. Wakauliza mkataba unasemaje. Mkataba hatuna. Sasa mwenye haki ni nani?

#10 Kalamu wa Kayole
#9 pole sana. Bureau ilikuwa chombo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika 1977, upande wa Kenya ukawa Kenya Literature Bureau. Vitabu vilivyokuwa Nairobi vilibaki Nairobi. Anzia huko.

#11 Wakili wa Moshi
#10 kurithi ofisi na maghala ni jambo moja, kurithi mikataba ya waandishi wa Tanzania ni jambo jingine. Na mikataba mingi ya aina ile ilikuwa na kifungu kwamba kitabu kisipochapishwa tena kwa muda fulani haki inarudi kwa mwandishi. #9, andika kwao kuwataarifu, usiandike kuomba. Ukianza kwa kuomba umeshakubali kwamba ni vyao.

#12 Mzee wa Ngamiani
Nyinyi vijana mnazungumza sheria tu. Vitabu havikupotea kwa sababu ya sheria. Nilikuwa kwenye biashara ya vitabu miaka ile. Tanzania Publishing House ilianza 1966 na ikachapa vitabu ambavyo dunia nzima inavitaja. Baadaye karatasi ikawa adimu, fedha za kigeni hakuna, mashirika ya umma yakaanza kuanguka. Nairobi nako East African Publishing House ikafilisika miaka ya 80. Kitabu kilichoisha ghalani hakikurudi mtamboni. Kilichobaki kuchapishwa ni kile kilichoteuliwa shuleni, kwa sababu hicho tu ndicho kilikuwa na mnunuzi wa uhakika. Mwandishi ambaye hakuingia kwenye mtaala alizikwa akiwa hai.

Sheria ya hakimiliki ingekuwa na miaka 5 badala ya 50, bado visingerudi. Nani angechapa?

#13 Mtoto wa Magomeni
#12 mzee wangu, nakubali kuhusu kuchapa. Lakini leo hatuhitaji mtambo. Skana na intaneti vinatosha, na hapo ndipo sheria inapoingia.

#14 Chuma cha Gerezani
Mmesahau kundi kubwa kabisa. Vile vijitabu vya Dar vya miaka ya 70 na 80, vya upelelezi na mapenzi, vyenye jalada la bastola na mwanamke. Waandishi walichapa wenyewe, wakauza kwa machinga, stendi za mabasi na kwenye treni ya Kigoma. Havikufika maktaba ya taifa wala Michigan. Sheria inawataka wachapishaji wapeleke nakala maktaba ya taifa. Nani alikuwa anapeleka kijitabu alichokichapa kwa mkopo uchochoroni? Nauza vitabu vya zamani, na nawaambia wateja wanaotafuta vile ni wengi kuliko wanaotafuta ushairi. Karatasi ile ya gazeti imeshakuwa rangi ya chai, ukifungua inavunjika. Hivi ndivyo vinavyokufa. Vya Shaaban Robert vina watu wa kuvilinda.

#15 Chepe la Tandale
#14 umenigusa. Willy Gamba, yule mpelelezi wa riwaya za Musiba!! Nilimsoma chini ya dawati darasa la sita.

#16 Binti Pangani
Willy Gamba alikuwa anasaidiwa na serikali nzima. Joram Kiango wa Mtobwa alikuwa peke yake na sigara yake. Hakuna ulinganisho hapo.

#17 Chepe la Tandale
#16 dada fungua uzi wako wa Joram tuje tukupige na hoja. Huyo bila mwenzake Nuru angefika wapi?

#18 Mtoto wa Magomeni
Jamani turudi kwenye mada.

#19 Mswahili wa Oslo
Salaam. Niko Norwei, niseme kidogo kuhusu hapa. Maktaba ya taifa iliamua 2006 kuskani kila kitu ilichonacho. Tatizo la hakimiliki wakalimaliza kwa makubaliano na chama kinachosimamia haki za waandishi na wachapishaji, Kopinor: maktaba inalipa kwa ukurasa kila mwaka, na wao wanaruhusu vitabu vilivyochapishwa mpaka 2000 visomwe bure na mtu yeyote aliyeko nchini, baadaye wakasogeza mbele. Mwandishi asiyetaka anatoa kitabu chake. Sikuona ugomvi mkubwa.

Nilipoona hivyo nikajiuliza kwa nini COSOTA, chombo chetu cha hakimiliki Tanzania, na maktaba yetu wasifanye hivyo. Idadi ya vitabu vya Kiswahili vilivyokwisha sokoni si mamilioni. Ni kazi inayobebeka.

#20 Mzee wa Ngamiani
Norwei wana mafuta.

#21 Mswahili wa Oslo
#20 mzee, mafuta tuyaweke pembeni. Kitu kikubwa pale ni kwamba waandishi waliulizwa kupitia chama chao kabla ya skana kuwashwa.

#22 Wakili wa Moshi
#21 yuko sahihi, na ushahidi ni Ufaransa. Walitunga sheria Machi 2012 ya vitabu vya karne ya 20 visivyopatikana tena: jina la kitabu likishawekwa kwenye orodha, mwandishi ana miezi sita ya kupinga, akinyamaza haki ya kukitoa kidijiti inakwenda kwa shirika la pamoja la kusimamia haki. Waandishi wawili wakashtaki. Novemba 2016 mahakama ya Umoja wa Ulaya ikasema haiwezekani kuchukua kimya cha mtu kuwa ruhusa bila kuhakikisha ametaarifiwa. Kwa hiyo wanaosema hapa "serikali itunge sheria ivichukue", waangalie kwanza waliojaribu.

#23 Mwandishi Bado Yupo
Nimesoma tangu post ya kwanza na damu inachemka. Mimi ni mmoja wa hao mnaowaita urithi wa taifa. Niko hai. Riwaya yangu, kama hizo mlizozisoma chini ya dawati, niliichapa kwa mkopo, nikaibeba mgongoni kupeleka stendi. Leo naikuta kwenye magrupu ya WhatsApp kwa PDF, ukurasa wa 12 haupo, kidole cha aliyeskani kinaonekana pembeni, na jalada la ndani lenye jina langu limekatwa. Nilipomwandikia aliyeituma akaniambia "mzee shukuru bado unasomwa".

Urithi wa taifa ni neno zuri. Lakini taifa halikulipa deni lile. Mkitaka kuskani, nitafuteni. Wengi wetu tungetoa ruhusa kwa moyo mweupe, tena bure, lakini tuulizwe na jina libaki.

#24 Chuma cha Gerezani
#23 mzee wangu, heshima yako. Naomba nikuulize kwa nia njema: wewe mwenyewe nakala safi unayo?

#25 Mwandishi Bado Yupo
#24 sina. Ya mwisho ilikwenda na mafuriko.

#26 Chuma cha Gerezani
Ninayo. Kurasa zote. Ni yako, sitaki hela.

#27 Mkutubi Mstaafu
Post #26 imenifanya nivue miwani nifute. Mzee, ukishaipata usiiweke sandukuni. Peleka iskaniwe, kisha nakala moja ipelekwe maktaba ya taifa.

#28 Sharifa wa Muscat
Assalaam alaykum. Kwetu hapa Oman mna mambo mengine mnayapita. Familia nyingi zilizotoka Unguja zilikuja na masanduku ya magazeti ya kabla ya 1964, Mwongozi na mengineyo, na barua na mashairi kwa hati za Kiarabu. Alikuja mtafiti kwa ami yangu, akaazima kwa ahadi ya kuskani na kurudisha. Hakurudisha, na skani hatukuziona. Tangu hapo wazee wamefunga masanduku, hata mie mtoto wa nyumbani siruhusiwi kupiga picha.

Na nikuulizeni: haya ni urithi wa taifa gani? Yameandikwa Unguja, yamehifadhiwa Muscat, wenye nayo ni raia wa hapa. Mkidai yarudi Tanzania, hawa watayachoma bora.

#29 Mwana wa Langoni
#28 dada, pole. Mimi ni wa Lamu, na kuna namna nyingine. Misahafu na vyuo (vitabu) vya Msikiti wa Riyadha vilipigwa picha kwa mradi unaosimamiwa na Maktaba ya Uingereza, ule wa nyaraka zilizo hatarini. Sharti lao ni kwamba asili haiondoki nchini na nakala za kidijiti zinabaki pia kwa wenyewe. Kazi ilifanyika palepale, chini ya macho ya wazee. Linganisha na zamani: mashairi ya Muyaka, malenga wa Mombasa, na mengine yaliyokusanywa Mombasa na William Taylor, kisha William Hichens, leo yako SOAS, chuo kikuu kilichoko London. Wameyaskani na kuyaweka wazi, tunashukuru, lakini ukitaka kugusa karatasi yenyewe unahitaji viza.

#30 Kalamu wa Kayole
#29 na bila Taylor na Mwalimu Sikujua kuyaandika yangekuwepo? Mchwa wa Mombasa hauna huruma.

#31 Mwana wa Langoni
#30 Mwalimu Sikujua alikuwa mtu wa Mombasa. Kazi ya kukusanya ilifanywa na mwenyeji, kwa hiyo usitupe sisi mchwa na wao uhifadhi.

#32 Fundi Skana
Naona mada ya ufundi hakuna aliyeigusa. Nimeskani vitabu vya zamani kwa ajili ya familia na misikiti kadhaa huku Tanga, niseme machache. Picha ya simu inafaa kusoma, haifai kuhifadhi. Tumieni skana bapa au kamera iliyosimamishwa juu na taa mbili pembeni, nukta 300 kwa inchi zikiwa za chini kabisa. Kilichoshonwa kwa pini msikibane mpaka mgongo ukatike. Skani jalada, ukurasa wa mchapishaji, hata matangazo ya nyuma, maana mwaka na anwani viko humo, na bila hivyo wakili wa #6 hawezi kupiga hesabu yake. Programu za kutambua herufi zinasoma Kiswahili cha chapa vizuri siku hizi, ila king'ong'o cha ng' kinazitatiza na karatasi iliyovuja wino inazichanganya, kwa hiyo lazima mtu apitie. Hati za Kiarabu zilizoandikwa kwa mkono bado ni kazi ya macho.

Na msiweke sehemu moja tu. Internet Archive, ile maktaba ya mtandaoni ya Marekani, walishtakiwa na wachapishaji wanne 2020, wakashindwa 2023 na tena kwenye rufaa 2024, wakaondoa vitabu zaidi ya laki tano kwenye azimo lao. Kuna vya Afrika nilivyokuwa navisoma pale, sivioni tena.

#33 Mtoto wa Magomeni
#32 asante fundi. Kwa hiyo hata wazungu wema wanaweza kufungiwa. Hoja yangu ya kuwa na ghala letu wenyewe inabaki palepale.

#34 Mzee wa Ngamiani
Ghala letu wenyewe, na umeme wa nani? Seva inataka bajeti kila mwaka. Mtazindua kwa keki na riboni, mwaka wa tatu tovuti haifunguki. Bora vyuo vikuu vya ndani vishirikiane na vya nje kwa mkataba mzuri, nakala zikae pande zote.

#35 Binti Pangani
#34 mkataba mzuri tutaandikiwa na nani, wao? Tukianza hata na vitabu mia moja vya waandishi walio hai kama #23, wakatia sahihi wenyewe, hatuhitaji kumwomba mtu.

#36 Mjukuu wa Malenga
Narudi kutoa mrejesho. Nilifuata ushauri wa #3 na #11. Nimeandika taarifa Nairobi na nimejaza fomu ya kule kwenye ghala la vyuo. Wameuliza kama warithi wote wamekubali. Mama kakubali, kaka zangu wamekubali. Dada mkubwa hataki: anasema kuna mashairi mawili ya kumsema mtu ambaye watoto wake tunaishi nao mtaa mmoja, na baba angekuwa hai leo angeyatoa. Sijui kama tuna haki ya kufungua kitabu na kuacha mawili nje.

#37 Wakili wa Moshi
#36 mnayo haki ya kuruhusu au kukataa. Ila nakala yao imeskaniwa nzima, sidhani watakata kurasa kwa ajili yenu.

#38 Mkutubi Mstaafu
Msiyakate. Diwani iliyopunguzwa itakuwa ndiyo diwani milele.

#39 Sharifa wa Muscat
#38 bibi, wewe huishi mtaa ule. Dada mkubwa nae asikilizwe.

#40 Fundi Skana
#36 wakati mnajadiliana, ombeni nakala kwa matumizi ya familia tu, isiyowekwa hadharani, kwa jina la mama. Baadhi ya maktaba hukubali hilo haraka kuliko kufungua kwa wote. Ikija, nitafute kwenye ujumbe binafsi, niichape kwa herufi kubwa asomewe.